Mkazi wa Mzizini: Ubainishaji wa Bakteria wa Vinundu vya Mikunde na Suala la Istilahi

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapotajiwa usawiri wa wahusika, hujua mara moja mambo ya kutafuta: umbo la mhusika, matendo yake, nasaba yake na jinsi anavyohusiana na wahusika wenzake. Katika maabara za elimu ya udongo ipo kazi inayokaribiana sana na hiyo. Mtafiti hung'oa mche wa maharagwe, akachuma kinundu kimoja mzizini, akamtoa humo bakteria asiyeonekana kwa macho, kisha akaanza kuuliza: Huyu ni nani? Ana umbo gani? Hufanya nini? Ametoka katika ukoo upi? Je, akirudishwa kwenye mmea aliotolewa, ataifanya tena kazi aliyokuwa akiifanya? Kazi hiyo ndiyo inayoitwa katika makala haya ubainishaji wa bakteria.

Makala haya yanaieleza kazi hiyo kwa Kiswahili, na papo hapo kuzipima istilahi zinazotumiwa au zinazoweza kutumiwa kuieleza. Msimamo unaotetewa ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuibeba sayansi hii. Tatizo kubwa zaidi ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka, lakini ambayo humpeleka msikilizaji kwenye maana nyingine.

Suala lenyewe haliishii darasani. Chuo Kikuu cha Nairobi kimewashughulikia bakteria hawa kwa miongo kadhaa. Kituo chake cha MIRCEN kilianzishwa Kabete mwaka 1977, na kutokana na utafiti wake wakulima wamekuwa wakiuziwa bakteria ndani ya pakiti zenye jina la Biofix. Anayenunua pakiti ya namna hiyo hanunui mbolea wala dawa. Ananunua kiumbe hai. Akiambiwa kwa neno lisilofaa, akaiweka pakiti ghalani chini ya bati linalochomwa na jua tangu asubuhi, siku ya kupanda atapaka mbegu zake unga usio na uhai. Gharama ya istilahi mbovu, basi, hulipwa shambani.

Kinundu si uvimbe

Hewa inayovutwa na viumbe ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78. Mimea huihitaji naitrojeni hiyo ili kuunda protini, lakini haiwezi kuitumia ikiwa hewani, kwa kuwa atomu mbili za naitrojeni zimeshikamana kwa kifungo cha mara tatu kilicho kigumu mno kuvunjika. Viwandani kifungo hicho huvunjwa kwa joto kali na kani kubwa. Bakteria wa vinundu hukivunja katika joto la kawaida la udongo, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi. Kazi hiyo ina gharama: kila molekuli moja ya naitrojeni inayogeuzwa kuwa amonia hutumia molekuli zipatazo 16 za ATP, yaani sarafu ya nishati ya seli. Anayelipa ni mmea, kwa sukari iliyotengenezwa majanini.

Tendo hili limepewa majina kadhaa kwa Kiswahili. Wapo wasemao "kufunga naitrojeni" na wapo wasemao "kunasa naitrojeni". Neno "kufunga" linaelekea upande usiofaa, maana kinachotangulia kutendeka ni kufungua, yaani kukivunja kile kifungo cha mara tatu. "Kunasa" lina taswira ya mtego na ndege, na angalau linaonyesha kwamba kitu kilichokuwa huru hewani sasa kiko mkononi. Hata hivyo, halisemi kwamba kilichonaswa kimegeuzwa kuwa kitu kingine. Makala haya yanatumia "kunasa" kwa sababu ya wepesi wake, na kuongeza "kugeuza" kila panapohitajika usahihi.

Kabla ya bakteria kuingia mzizini huwapo majibizano. Mzizi wa mmea wa jamii ya mikunde hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi. Bakteria anayezitambua hujibu kwa kutoa kemikali zake, na iwapo jibu ni sahihi, unywele wa mzizi hujikunja na kumfumbata. Kutoka hapo hujengeka mrija mwembamba unaompeleka ndani, seli za mzizi huanza kugawanyika, na kinundu huumbika. Vitabu vingine huueleza mrija huo kwa neno "maambukizi". Ni kweli kwamba kiumbe kimoja kimeingia mwilini mwa kingine, lakini kwa Mswahili maambukizi ni habari ya maradhi, ilhali hapa mgeni amebishiwa mlango na kufunguliwa. "Mrija wa kuingilia" ungetosha.

Hapa pana kosa linalofanywa mara nyingi shambani. Mizizi ya maharagwe hushambuliwa pia na minyoo wadogo wa udongo wanaosababisha mizizi kufura. Kwa mtu asiye mzoefu, mfuro huo na kinundu ni kitu kimoja, na anaweza kuufurahia ugonjwa akidhani ni neema. Tofauti yake ni rahisi kuonyesha kwa vidole. Kinundu kimening'inia ubavuni mwa mzizi na hubanduka kikisukumwa kidogo. Mfuro wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, na hauondoki bila kuuharibu mzizi. Kwa hiyo inafaa neno "kinundu" litengewe kazi ya bakteria peke yake, na "uvimbe" au "mfuro" liachiwe minyoo. Baadhi ya matini za kilimo huyachanganya maneno haya kana kwamba ni visawe.

Kinundu kizuri kikipasuliwa kwa ukucha huonekana chekundu ndani. Rangi hiyo hutokana na protini iliyo na undugu na ile inayoipa damu wekundu wake. Kazi yake ni kuidhibiti oksijeni, kwa kuwa naitrojenasi huharibiwa na oksijeni, na wakati uo huo bakteria huihitaji oksijeni kidogo ili aishi. Kinundu cheupe ndani aghalabu hakinasi kitu. Cha kijani au hudhurungi kimezeeka.

Kutoka shambani hadi sahanini

Mtafiti huchagua mmea wenye afya, hasa wakati wa kuanza kutoa maua, akauchimba pamoja na udongo wake badala ya kuung'oa kwa nguvu. Vinundu hukatwa vikiwa na kipande kidogo cha mzizi ili visitoboke. Vikisafirishwa mbali huwekwa ndani ya vichupa vyenye chembe za kukausha unyevu; kabla ya kutumiwa hulowekwa majini hadi vifure tena.

Hatua inayofuata ni kutakasa sehemu ya nje. Kinundu kimetoka udongoni, na udongo una bakteria wengi wasiohusika. Huchovywa kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa sekunde chache, kisha kwenye hipokloriti ya sodiamu, yaani dawa ileile ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa dakika 2 hadi 4, halafu husuuzwa mara tano au sita kwa maji yaliyotakaswa. Muda ukipunguzwa, wageni wa nje watabaki. Ukizidishwa, dawa itapenya hadi ndani na kumuua yule anayetafutwa. Kinundu kilichotakaswa hupondwa ndani ya tone la maji, na utomvu wake huchorwa kwa kitanzi cha waya juu ya sahani yenye chakula cha bakteria.

Chakula chenyewe kinastahili kutajwa, maana kina neno litakalorudi baadaye. Katika lita moja ya maji hutiwa manitoli gramu 10, ambayo ni aina ya sukari. Dondoo la hamira karibu gramu 0.5, chumvi chache za fosfeti, magnesi na sodiamu, na agari gramu 15 ili kigande. Sahani huwekwa katika joto la sentigredi 28 na kusubiriwa.

Baada ya siku kadhaa hutokea madoa madogo yanayong'aa, kila doa likiwa na mamilioni ya bakteria waliozaliwa na mmoja. Wataalamu huliita doa hilo koloni. Neno hili halimkai vizuri Mwafrika Mashariki, ambaye kwake koloni ni historia ya bendera, kodi ya kichwa na kipande. Hata hivyo, makala haya hayapendekezi liachwe. Bakteria aliyekaa peke yake juu ya sahani, akazaa hadi akaifunika, anatenda jambo lililo karibu na asili ya neno lenyewe kuliko wengi wanavyofikiri.

Umbo, mwendo na rangi

Ubainishaji wa kwanza ni wa kuangalia tu. Bakteria wa vinundu wapo wa haraka, ambao makoloni yao huonekana kwa siku 3 hadi 5, na wapo wa polepole, wanaohitaji siku 7 hadi 10. Wale wa haraka aghalabu hutoa asidi, na wa polepole hutoa alikali. Ili kuliona jambo hilo, mtafiti hutia chakulani rangi ya bromothaimoli, ambayo hugeuka njano palipo na asidi na buluu palipo na alikali. Sahani mbili za kijani zilizoandaliwa siku moja hubadilika hivyo, moja njano kama embe dodo na nyingine buluu, na mwanafunzi anayeziona kwa mara ya kwanza hahitaji kuelezwa zaidi.

Rangi ya Kongo nayo hutumiwa kama kichungi. Bakteria wa vinundu huifyonza kidogo sana, hivyo makoloni yao hubaki meupe au waridi hafifu, ilhali wavamizi wengi huinywa na kuwa wekundu. Hufuata upakaji rangi wa Gram, ambapo bakteria hawa huonekana kwenye darubini wakiwa fito fupi za waridi. Kwa istilahi ya maabara, wao ni Gram hasi.

Majaribio haya yote yana udhaifu mmoja: yupo ndugu anayefanana nao. Agrobacterium, bakteria anayesababisha mimea kuota vivimbe vya maradhi, hukua haraka, ni Gram hasi, naye hupatikana mara kwa mara ndani ya vinundu akiwa mpangaji asiye na kazi. Lipo jaribio la kumtambua kwa jinsi anavyoigeuza sukari ya maziwa, lakini nalo si hakimu wa mwisho. Umbo na rangi humwambia mtafiti nani hafai. Hazimwambii kwa yakini nani anafaa.

Ushahidi wa mtungi

Mwaka 1886 Hermann Hellriegel, akishirikiana na Hermann Wilfarth, alitangaza mjini Berlin kwamba mimea ya mikunde hupata naitrojeni ya hewa kupitia vinundu, na kwamba vinundu havitokei katika udongo uliotakaswa. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck akamtenga bakteria mwenyewe nchini Uholanzi na kumwita Bacillus radicicola. Sehemu ya pili ya jina hilo la Kilatini ina maana ya mkazi wa mzizini.

Kanuni iliyotumika wakati huo ingali inatumika. Bakteria aliyetengwa hakubaliwi kuwa ni wa vinundu mpaka arudishwe kwenye mmea. Mbegu hutakaswa, huoteshwa, kisha hupandwa kwenye mtungi wa Leonard, uliopewa jina la aliyeubuni katika miaka ya 1940. Si chombo cha fahari. Chupa hukatwa kitako, hupinduliwa mdomo ukiangalia chini, hujazwa mchanga uliooshwa na kutakaswa, na utambi wa pamba hushuka kutoka mchangani hadi kwenye chombo cha chini chenye maji ya virutubishi vyote isipokuwa naitrojeni. Utambi huyapandisha maji kama ule wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa.

Mitungi hupangwa kwa makundi matatu. Kundi la kwanza hupewa bakteria anayechunguzwa. La pili halipewi kitu, na la tatu halipewi bakteria bali huongezewa naitrojeni ya chumvi. Kwa wiki kadhaa mtafiti hutazama rangi ya majani. Mimea ya kundi la pili huanza kugeuka njano majani ya mbegu yanapomaliza akiba, na mizizi yake haipaswi kuwa na kinundu hata kimoja. Kikionekana, jaribio zima limeingia uchafu na hurudiwa. Mimea ya kundi la tatu huwa ya kijani. Swali lote limo katika kundi la kwanza. Ikiwa ina vinundu na bado ni ya njano, bakteria anajua kuingia lakini hajui kazi. Ikiwa ya kijani na vinundu vyake ni vyekundu, hapo ndipo mtafiti anapoweza kuandika jina katika daftari. Baadaye mimea hukatwa, hukaushwa na kupimwa uzito, ili walio bora watenganishwe na wa wastani.

Msomaji wa fasihi atagundua tofauti iliyopo. Mhusika wa riwaya akishatenda jambo ukurasa wa kumi, tendo hilo limekwisha kuwa ushahidi. Bakteria hupewa jukwaa lilelile mara ya pili, na hutakiwa alirudie.

Nasaba na tendo

Katika miaka ya 1930 wataalamu waliwapanga bakteria hawa kwa kuangalia mimea wanayoafikiana nayo: wa njegere, wa maharagwe, wa soya, wa kunde na kadhalika. Mpango huo ulimfaa mkulima, lakini haukudumu bila kasoro. Mfano unaotajwa sana ni wa bakteria aitwaye NGR234, aliyetengwa kutoka vinundu vya njahi huko Papua New Guinea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba huafikiana na mimea ya zaidi ya jenasi 110. Kumtambulisha kiumbe kama huyo kwa mwenyeji wake ni sawa na kumtambulisha msafiri kwa hoteli aliyolala jana.

Siku hizi mtafiti huisoma DNA. Jeni ya 16S hueleza ukoo wa bakteria, na jeni nyingine kadhaa, mathalani recA, huusaidia uchunguzi ule kwa sababu 16S peke yake haitenganishi ndugu wa karibu. Jeni za nodC na nifH hueleza jambo jingine: ya kwanza inahusika na yale majibizano ya kuunda kinundu, na ya pili na naitrojenasi. Jambo la kusisimua ni kwamba makundi haya mawili ya jeni huweza kusimulia habari zisizolingana. Mwaka 1995 watafiti wa New Zealand walieleza habari za shamba lililopandwa mmea wa malisho wa jamii ya mikunde pamoja na bakteria wake kutoka nje. Baada ya miaka saba, vinundu vingi vilikuwa na bakteria wa udongo uleule wa kwao, ambao awali hawakuwa na uwezo wa kuunda vinundu. Kipande kizima cha DNA chenye ufundi huo kilikuwa kimehama kutoka kwa mgeni hadi kwa wenyeji. Ukoo haukubadilika; kazi ilibadilika.

Hii ndiyo sababu mtungi haujastaafishwa na mashine za kusomea DNA. Jeni huonyesha uwezo. Tendo huonekana kwenye mmea.

Nchini Kenya kazi ya Beatrice Anyango na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1995, ililinganisha bakteria wa maharagwe kutoka udongo wa Naivasha, usio na asidi nyingi, na ule wa Daka-ini, wenye asidi kali. Udongo wa asidi ulitawaliwa na aina ya Rhizobium tropici, inayojulikana kwa kustahimili asidi na joto. Mkulima wa sehemu zenye udongo wa namna hiyo hawezi kupewa bakteria yeyote tu kwa sababu pakiti imeandikwa "maharagwe". Anahitaji aliyebainishwa kwa udongo wake.

Majina ya kitaalamu nayo yana historia ambayo mwanaisimu hawezi kuipita. Rhizobium limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mzizi na uhai. Bradyrhizobium ni yule wa polepole, jenasi iliyotengwa mwaka 1982. Rhizobium etli, lililotolewa mwaka 1993, lina neno la maharagwe katika Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, ambako maharagwe yenyewe yana asili yake. Sinorhizobium kostiense lilipewa jina la mji wa Kosti nchini Sudan, na Bradyrhizobium kavangense jina la eneo la Kavango nchini Namibia. Kilatini cha sayansi, kumbe, kina mlango. Wenye lugha wanaojitokeza na bakteria waliobainishwa vizuri huingia.

Ngeli, chanjo na hamira

Suala la kwanza la kisarufi ni ngeli. Katika magazeti na vitabu vya shule husikika "bakteria hizi" na "bakteria hawa". Wanaosema "hizi" huongozwa na mwisho wa neno la mkopo, au na mazoea ya kuviona viumbe vidogo kama uchafu. Makala haya yanashikilia A-WA, kwa kuwa bakteria huzaa, hula na hufa, na kwa sababu za matumizi vilevile. Mkulima anayeambiwa "uzitunze" anafikiria kitu. Anayeambiwa "uwatunze" anauliza wanakula nini.

La pili ni neno "kunde". Kiswahili hulitumia kwa mmea mmoja, pamoja na majani yake ya mboga, na papo hapo kwa jamii nzima inayojumuisha maharagwe, njugu, mbaazi, choroko na soya. Tangazo lisemalo "bakteria wa kunde" linaweza kupuuzwa na mwenye maharagwe na kumpotosha mwenye soya. "Mikunde" kwa jamii na "kunde" kwa mmea ni mgawanyo ulioanza kuzoeleka, na unastahili kufundishwa hivyo.

La tatu ndilo zito. Bakteria waliozalishwa kwa ajili ya kupaka mbegu huitwa mara nyingi "chanjo", na wengine husema "mbolea hai". Asikiaye chanjo ana kila haki ya kudhani kwamba mbegu zinakingwa na ugonjwa, na huenda akazichanganya na dawa ya ukungu ili kinga iwe maradufu. Dawa nyingi za namna hiyo huua bakteria. Asikiaye mbolea hutarajia kwamba kadiri inavyozidi ndivyo mavuno yanavyozidi, na kwamba mfuko unaweza kukaa hadi msimu ujao bila dhara. "Hai" iliyoongezwa mwishoni husikika kama sifa ya kibiashara tu.

Pendekezo la makala haya ni "hamira". Mama anayekanda unga wa mandazi au mahamri anajua mambo manne bila kufundishwa na yeyote: kwamba hamira ni kitu hai, kwamba maji ya moto huiua, kwamba iliyokaa sana haiumui, na kwamba kidogo hutosha kwa sababu hujizidisha. Hayo manne ndiyo mkulima anayotakiwa kuyajua kuhusu pakiti ya bakteria. Si bahati mbaya pia kwamba Beijerinck, alipomtenga mkazi wake wa mzizini, alikuwa ameajiriwa na kiwanda cha hamira na vileo mjini Delft.

Pendekezo hili lina pingamizi mbili. Kwanza, hamira si bakteria, bali ni kuvu, na mwalimu wa biolojia ataona tabu kusikia jina la kiumbe mmoja likipewa mwingine. Pili, chakula cha maabara kilichotajwa hapo juu kina dondoo la hamira, na ripoti ya utafiti inayosema kwamba hamira imelishwa hamira itachekesha. Pingamizi hizo zina uzito katika maandishi ya kitaalamu, ambamo "kipandikizo cha bakteria" linaweza kutumika bila hasara. Kwenye pakiti hazina uzito huo. Istilahi moja hailazimiki kuwahudumia mtafiti na mwenye jembe kwa pamoja, mradi kila mmoja aambiwe neno la mwenzake ni lipi.

Matini ya pakiti ingeweza kuandikwa hivi:

"Hii ni hamira ya soya. Ndani yake mna bakteria hai wanaosaidia soya kutumia naitrojeni ya hewa. Usiitumie kwa maharagwe wala kunde. Iweke mahali penye ubaridi na kivuli, na usiifungue kabla ya siku ya kupanda. Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye gundi au sukari, tia hamira, kisha changanya kivulini mpaka kila mbegu ipakike. Usichanganye na dawa ya ukungu. Usiache mbegu zilizopakwa zigusane na mbolea ya chumvi. Panda siku hiyohiyo penye unyevu, na ufukie mara moja."

Matini hiyo haina neno linalohitaji kamusi, ila "naitrojeni" na "bakteria", ambayo yote mawili hufundishwa katika shule ya msingi. Imeacha makusudi jina la Bradyrhizobium; hilo lichapwe nyuma ya pakiti, pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa ajili ya afisa wa kilimo.

Limebaki agizo la kukagua vinundu maua yanapoanza. Kitabu kingesema "viwe na rangi ya waridi ndani". Waridi, hata hivyo, ni neno la bustani za pwani na la mashairi, na shambani Busia au Embu wapo watakaolijua kama jina la ua lenye rangi nyingi. "Pinki" linaeleweka kwa vijana. Wazee huelewa upesi zaidi wakiambiwa wachimbe mmea mmoja, wapasue kinundu kwa ukucha, na watazame kama ndani pana wekundu wa nyama mbichi.